Redio za Dar es Salaam na namba zisizofika mtaani

Kila yanapotoka matokeo ya utafiti wa wasikilizaji, vituo viwili au vitatu vya redio jijini Dar es Salaam hujitangaza namba moja kwa wakati mmoja, na mara nyingi vyote vinasema kweli. Kimoja kimeongoza kwa idadi ya watu waliokifungulia walau mara moja kwa wiki. Kingine kimeongoza kwa muda ambao watu wamekaa nacho. Cha tatu kimeongoza asubuhi tu, au kwa vijana wa chini ya miaka 25, au Temeke peke yake. Mkuu wa masoko wa kampuni ya simu au ya sabuni anawekewa karatasi zote tatu mezani, anachagua ile yenye tarakimu kubwa, na bajeti ya miezi sita inapitishwa. Bajeti hiyo ndiyo inayoamua kituo gani kitamudu mwandishi wa kushinda Mbagala na Tandale, na kipi kitaendelea kusoma vichwa vya magazeti studioni.

Siandiki kuzipinga namba. Kituo kisichopimwa huishia kuendeshwa kwa hisia za mwenye mali, na wasikilizaji hawana pa kumwambia kwamba amepotea. Ninachosema ni kwamba namna tunavyopima redio za Dar es Salaam inalipa umaarufu wa jina kuliko kazi ambayo redio inalifanyia jiji. Vituo navyo, vikishajua kinacholipwa ni kipi, hugeuka kukifuata.

Kabla ya sheria ya utangazaji ya mwaka 1993, Radio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa peke yake na haikuwa na wa kushindana naye. Kipimo chake kilikuwa posta. Msikilizaji alinunua kadi ya salamu, akaandika majina ya watu aliotaka wasalimiwe, akaituma Barabara ya Pugu, zilikokuwa studio za redio hiyo, na kungoja siku yake isomwe. Mtu wa takwimu atasema kipimo hicho hakifai, maana watuma salamu walikuwa wengi wao ni walewale, wenye majina ya utani yaliyojulikana nchi nzima. Ni kweli. Lakini kadi ile ilimpa mtangazaji mambo mawili ambayo ripoti za leo hazimpi: msikilizaji yuko wapi hasa, na anajuana na nani. Mwaka 1994 zikaja Radio One na Radio Tumaini, muongo ulipokuwa ukiisha ikaja Clouds FM, vikafuata vituo chungu nzima. Fedha za matangazo zikawa na milango mingi ya kuingilia, na wenye fedha wakataka kuhesabiwa.

Njia iliyoshika mizizi Afrika Mashariki ni ya kumwuliza mtu alichosikiliza jana. Mtafiti anabisha hodi, anachagua mtu mmoja katika kaya, anampitisha katika saa za siku iliyopita: ulifungua redio saa ngapi, ukiwa wapi, kituo gani. Kampuni ya Steadman ya Nairobi ilijijengea jina kwa kazi hiyo, ikaja kumezwa na Synovate, nayo Synovate ikanunuliwa na Ipsos mwaka 2011. Baadaye GeoPoll ikaingia na maswali ya kwenye simu, yanayojibiwa kwa haraka na kwa gharama ndogo. Zote ni kazi halali. Tatizo ni matumizi tunayoyafanya baada ya hapo.

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Tuseme utafiti wa nchi nzima umeipa Dar es Salaam watu 400 wa kuhojiwa. Kituo A kinapata asilimia 20, kituo B asilimia 17. Kwa sampuli ya ukubwa huo, ile 20 inaweza kuwa 16 na inaweza kuwa 24. Ile 17 inaweza kuwa 13 na inaweza kuwa karibu 21. Kwa maneno mengine, hatujui nani yuko mbele. Gazeti litaandika kwamba A amemshinda B, mkurugenzi wa B atamwita meneja wa vipindi ajieleze, na huenda kipindi kizuri kikafutwa kwa tofauti ambayo haipo.

Ukishuka wilayani mambo yanakuwa mabaya zaidi. Kigamboni ina watu 317,902 kwa sensa hiyohiyo. Wale 400 wakigawanywa kwa haki kufuata idadi ya watu, Kigamboni inapata takribani 24. Watoe wanaume, ubaki na wanawake kama 12, na katika hao utafute wenye miaka 25 hadi 34. Utabakiwa na watatu au wanne, na juu ya migongo yao mtu ataandika sentensi kuhusu wanawake vijana wa Kigamboni.

Sasa fikiria kituo kinachoamua kuihudumia Kigamboni kweli: kila asubuhi kinasema pantoni ngapi zinafanya kazi pale Magogoni, foleni ya Daraja la Nyerere ikoje, maji yamekatika mtaa gani. Kwa mkazi wa kule anayewahi kazini Posta, hiyo ndiyo redio yenye manufaa kuliko zote jijini. Katika ripoti, juhudi hiyo itaonekana, ikiwa itaonekana, kama mtu mmoja au wawili zaidi kati ya 400. Meneja wa vipindi anayeijua hesabu hii hatapeleka mwandishi Magogoni, na hatakuwa amekosea kibiashara. Atamwongezea mtangazaji wa asubuhi dakika 10 za utani, kwa sababu utani unasikika wilaya zote tano.

Udhaifu wa pili ni kumbukumbu. Wanaopanda daladala kutoka Mbagala Rangi Tatu hadi Kariakoo wanasikia redio kwa saa nzima, pengine na zaidi kukiwa na foleni, lakini hawakuichagua. Imechaguliwa na dereva. Fundi cherehani anasikia redio ya jirani, mteja wa mama ntilie anasikia ya mama ntilie, bodaboda kijiweni wanasikiliza simu ya mmoja wao. Siku ya pili mtafiti akiuliza, wengi hawa watataja jina lililo karibu na ulimi. Na jina lililo karibu na ulimi ni la kituo chenye mabango, chenye stika nyuma ya bajaji, chenye tamasha, chenye mtangazaji ambaye picha yake imezagaa kwenye simu.

Hapa ndipo kuwepo mtaani kunapogusana na namba. EFM ndiyo mfano ulio wazi kuliko wote. Kituo hicho cha 93.7 kilianza mwaka 2014, wakati soko la Dar es Salaam lilionekana limeshagawanywa. Kikaenda walikokuwa hawaendi wenzake. Singeli ilikuwa muziki wa vigodoro vya Manzese na Tandale, wa kasi na wa ma-MC wasiojulikana nje ya mitaa yao, na wenye studio wengi waliuona hauna adabu ya kutosha kuingia hewani. EFM ikaupa saa zake, kwa jina na kwa heshima. Ikazunguka na burudani yake ya Muziki Mnene, baa kwa baa. Ikaja na Shika Ndinga, shindano ambalo watu wanashika gari na anayevumilia hadi mwisho analichukua, na umati ukasimama kutazama. Kwa muda mfupi kituo kipya kikawa mazungumzo ya vijiwe.

Kuna watu wa matangazo wanaosema hiyo ilikuwa kelele tu iliyopandisha kumbukumbu ya jina. Sikubaliani nao. Kijana wa Tandale aliyesikia muziki wa mtaa wake ukipigwa redioni mchana kweupe alipewa kitu ambacho hakikuwapo kabla, na wasanii walioishi kwa shughuli za uswahilini wakapata njia ya kufika majukwaa makubwa. Hiyo ni huduma kwa jamii, hata kama haikuandikwa hivyo kwenye maombi ya leseni. Shida ilikuja kwa walioiga. Waliona gari, spika, fulana na zawadi, wakadhani hayo ndiyo yaliyofanya kazi. Leo kituo kinaweza kufika Gongo la Mboto Jumamosi na jukwaa la futi 20, kikagawa fulana 200, kikaondoka saa 12 jioni bila kumwuliza mkazi yeyote swali moja la maana. Wiki inayofuata utafiti ukipita, jina litatajwa. Kipimo hakina njia ya kujua kama kituo kilikuja kusikiliza au kilikuja kusikika.

Gongo la Mboto sikuitaja kwa bahati. Usiku wa tarehe 16 Februari 2011 maghala ya silaha ya jeshi yalilipuka kule, kama yalivyokuwa yamelipuka Mbagala tarehe 29 Aprili 2009. Watu walikimbia gizani wasijue waende upande upi, wazazi wakapotezana na watoto. Desemba ya mwaka huohuo wa 2011 mafuriko yakaua watu zaidi ya 40 jijini, wakazi wa Bonde la Msimbazi wakahamishiwa Mabwepande. Katika saa kama hizo mtu hafungui kituo anachokipenda kwa muziki. Anafungua kile anachoamini kina mtu eneo la tukio na kitamwambia ukweli. Imani hiyo haijengwi siku ya mlipuko. Inajengwa na mwandishi aliyekuwa akija mtaani kuulizia shimo la barabara, aliyemjua mwenyekiti wa serikali ya mtaa kwa sura, aliyerudi Mabwepande mwaka mmoja baadaye kuona waliohamishwa wanaishije. Hakuna safu ya mwandishi huyo katika ripoti ya usikilizaji. Yupo kwenye safu ya gharama tu.

Mtu ataniambia dunia nzima ndivyo ilivyo, na dawa ni vifaa bora. Marekani walijaribu. Kampuni ya Arbitron iliacha madaftari ambayo wasikilizaji walijaza kwa mkono, ikaanza kuwapa watu kifaa kidogo cha kubeba kinachonasa alama isiyosikika ndani ya sauti ya kila kituo. Philadelphia na Houston walianza mwaka 2007. Namba zilipotoka katika miji mikubwa, vituo vilivyohudumia Wamarekani weusi na watu wa asili ya Amerika ya Kusini vikaporomoka, ilhali wasikilizaji wao walikuwa ni walewale. Vituo vikalalamika kwamba jamii zao hazikupata watu wa kutosha waliopewa vifaa. New York mwanasheria mkuu wa jimbo, Andrew Cuomo, akaishtaki Arbitron mwaka 2008, na mapema 2009 wakafikia makubaliano kampuni irekebishe sampuli. Kifaa kilikuwa sahihi kuliko daftari kwa kunasa sauti. Swali la nani anapewa kifaa halikutatuliwa na kifaa. Sisi tunaosubiri simu janja zituokoe tuukumbuke mkasa huo, maana msichana wa kazi za ndani Sinza mwenye simu ya vitufe, anayesikiliza redio kuliko mtu yeyote katika nyumba ile, hatakuwa kwenye programu yoyote ya simu.

Kuna namba nyingine ambayo watu wa biashara hawaitazami. Radio Maria, kituo cha Kikatoliki, haipigi matangazo ya biashara. Inaendeshwa kwa michango ya wasikilizaji na kazi za watu wa kujitolea, na kila mwaka huwa na kampeni yake ya kuchangisha, Mariathon. Mtu mwenye kipato cha kubangaiza anatoa shilingi zake ili sauti hiyo iendelee kusikika. Katika mizani ya mawakala wa matangazo kituo kama hicho hakina uzito, kwa sababu hakiuzi nafasi. Mimi nakiona kama kipimo kikali kuliko vyote: ungekuwa tayari kulipia redio yako? Sijui ni vituo vingapi vya burudani vya jijini vingethubutu kuuliza swali hilo hewani. Najua kwamba jibu lingewafundisha wamiliki mengi kuliko asilimia zinazopanda na kushuka ndani ya kiwango cha makosa.

Jambo lingine linalofichwa na jina la kituo ni watu. Mwaka 2016 Gerald Hando na Paul James waliondoka kwenye Power Breakfast, kipindi cha asubuhi cha Clouds, wakaenda EFM, na sehemu ya wasikilizaji ikahama nao. Wasafi FM ilipoanza mwaka 2019 nayo ilichota watangazaji kutoka kwa majirani. Msikilizaji wa Dar es Salaam ana uhusiano na sauti anayoamka nayo, na sauti hiyo ikihama, naye huisogelea. Kwa hiyo kinachoitwa nguvu ya kituo mara nyingi ni nguvu ya watu watano au sita, na mkataba wao ukiisha namba inabaki kwenye karatasi tu. Mdhamini mwenye akili angesoma vipindi, asisome vituo. Anayedhamini kipindi cha saa 4 asubuhi kinachosikilizwa na akina mama saluni na gengeni hanufaiki na sifa ya kipindi cha saa 10 jioni cha vijana.

Vipindi vya michezo vinastahili neno la peke yake. Simba na Yanga zimekuwa mgodi. Kila kituo kikubwa kina saa zake za uchambuzi, na kampuni za kubeti zimeweka fedha humo kiasi kwamba vipindi vingine haviwezi kushindana. Napenda mpira na nasikiliza. Lakini ukigeuza masafa jioni ukakuta vituo vinne vinajadili usajili uleule, kwa hasira ileile, kwa udhamini wa biashara ileile, umeona kazi ya kipimo kinachohesabu masikio bila kuuliza kilichokosekana. Saa hiyohiyo jiji lina kikao cha madiwani kilichojadili ushuru wa masoko, na hakuna aliyetumwa. Mchuuzi wa Temeke Sterio atajua habari ya ushuru mpya siku mgambo watakapomfikia.

Kuna mambo ambayo yanaweza kubadilishwa bila kungoja sheria. Wanaonunua ripoti wadai iandikwe ukurasa wa kwanza: Dar es Salaam walihojiwa wangapi, kila wilaya wangapi, na tofauti gani kati ya vituo ni ndogo mno kuaminiwa. Ni sentensi tatu. Kampuni ya utafiti inazo tayari, kwa kuwa bila hizo isingefanya kazi, ila mteja hazitaki kwa sababu zinaharibu kichwa cha habari. Dodoso liongezwe swali moja: likitokea jambo la hatari mtaani kwako usiku huu, utafungua redio gani? Halimgharimu mtu zaidi ya nusu dakika, na majibu yake, nina hakika, hayatafuata mpangilio wa vituo tuliouzoea.

Uingereza, BBC na redio za biashara, mahasimu wa jadi, waliunda chombo kimoja cha kuhesabu mwaka 1992, RAJAR, wanakimiliki pamoja na wote wanaikubali namba yake. Vituo vyetu vinaweza kukaa meza moja vikagharamia sampuli kubwa ya jiji hili peke yake, ya watu 2,000 badala ya 400. Hapo Kigamboni ingepata kama 118, na kituo kinachosema habari za pantoni kingeanza kuonekana. Kinachozuia si fedha. Kila kituo kinaogopa kuwa cha nne kwa kipimo ambacho hakitaweza kukikana.

Na vituo visisubiri watafiti kujijua. Mafundi wa samani wa Keko hawajawahi kununua ripoti ya usikilizaji, na wengi hawajawahi kununua tangazo, kwa kuwa bei ya sekunde 30 imepangwa kwa ajili ya kampuni za simu. Kituo kikiwatengea nusu saa ya mchana kwa bei ambayo fundi wa vitanda anaimudu, kisha mtu wa mauzo akapita Keko Ijumaa kuwauliza wateja wangapi wamekuja wakitaja redio, na wametoka Chang'ombe au wametoka Bunju, mwezi mmoja hautaisha kabla meneja hajapata ramani ya wasikilizaji wake mtaa kwa mtaa. Mtu huyo wa mauzo apewe nauli na daftari, na mwandishi wa habari aongozane naye.